Jengo Moja la Brick Lane

Ukiteremka Brick Lane, mashariki ya London, hadi pembe ya Fournier Street, utakuta jengo la matofali lenye madirisha marefu ya upinde. Ni msikiti tangu 1976. Lakini lilijengwa 1743, tena kama kanisa.

Waliolijenga ni Wahuguenot, Waprotestanti wa Ufaransa. Mwaka 1685 Mfalme Louis XIV alifuta amri iliyowapa ruhusa ya kuabudu, nao wakakimbia kwa maelfu. Wengi waliofika mtaa huu wa Spitalfields walikuwa wafumaji wa hariri. Matofali hayakuwa mageni hapo: jina la Brick Lane lenyewe linatokana na matofali yaliyofyatuliwa na kuchomwa sehemu hizo zamani.

Vizazi vyao vilipozoea Kiingereza na kutawanyika, jengo likaingia mikononi mwa wengine. Kuanzia 1809 lilitumiwa na chama cha Kikristo kilichotaka kuwabatiza Wayahudi wa London. Mwaka 1819 wakaingia Wamethodisti. Mwishoni mwa karne ya 19 wakaja Wayahudi waliokimbia mateso katika Dola ya Urusi, wakaligeuza sinagogi. Yaani palepale walipotakiwa waiache dini yao ndipo wenzao walipokuja kuishika! Nao walipohamia sehemu nyingine za jiji, Wabengali, wengi wao wenyeji wa Sylhet, wakalifanya msikiti.

Sheria ya Uingereza inalilinda jengo hili katika daraja la II lenye nyota, la pili kwa uzito. Hailindi ibada ya mtu. Inalinda kuta, madirisha, na saa ya jua ya 1743 iliyo juu ukutani. Anayetaka kubadili sura ya jengo sharti aombe kibali. Huenda mpenzi wa majengo ya kale akachukizwa na mnara wa chuma cha pua uliosimamishwa kando yake 2009. Mimi sichukizwi. Kama kila aliyefika angekatazwa kuongeza chake, kanisa la wafumaji lingebaki tupu tangu walipoondoka, na jengo tupu halikawii kuvuja.

Siku ya Ijumaa waumini hupita chini ya saa ile ya jua. Kwa mawingu ya London, sidhani kama kuna anayeitegemea kujua wakati wa sala.