Mbacha wa Mpiga Besi

Wahenga walituusia: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, na mara nyingi methali hii tunaifundisha kuwa onyo dhidi ya tamaa. Lakini historia ya muziki yatuonyesha maana nyingine.

James Jamerson, aliyezaliwa South Carolina, Marekani, mwaka 1936, alikuwa mpiga besi wa studio ya Motown mjini Detroit. Kwa miaka mingi alishika gitaa moja, Fender Precision la mwaka 1962, akalipiga kwa kidole cha shahada peke yake. Nyuzi hakuzibadilisha ila ulipokatika mmoja, kwani aliamini kuwa uchakavu na uchafu wake ndivyo vilivyohifadhi utamu. Na kweli, uzi mpya hulia kwa ukali wa chuma. Uzi mkongwe hutoa mlio mzito, mfupi, ulio karibu na ule wa fidla kubwa ya besi aliyojifunzia ujanani. Besi ya wimbo "What's Going On" wa mwaka 1971 ni yake.

Gitaa hilo liliibiwa siku chache kabla ya kifo chake, tarehe 2 Agosti 1983. Mapya ya namna ile yalijaa madukani, yakimetameta. Lakini hakuna duka liwezalo kuuza miaka ya kidole cha mtu mmoja.

Basi tuifundishapo methali hii, tuwaeleze wanafunzi wetu kwamba mbacha hauthaminiwi kwa sababu mwenyewe hana mwingine. Huthaminiwa kwa kuwa umekwisha kumjua.