Mawe ya Susu

Kule vilimani Machakos kuna shule ya sekondari ambayo nyanya yangu, Susu, aliibebea mawe mgongoni akiwa na mimba ya mtoto wake wa tano. Hiyo stori tumeisikia kila Krismasi. Upande wa mama niliusikia mara moja tu, jikoni, akikatakata sukuma: "Sasa Susu akibeba mawe, unadhani watoto walikuwa wamebebwa na nani?"

Shuleni tulifundishwa kwamba harambee ilianza tarehe 1 Juni 1963, Siku ya Madaraka, Kenyatta alipolifanya neno hilo kuwa mwito wa taifa. Waambie hivyo wazee wa Ukambani wakucheke. Wao walikuwa na mwethya tangu zamani: majirani wanalima kwa huyu leo, kesho kwa yule, na hakuna anayelipwa. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliuchukua mtindo huo ili matuta ya kuzuia mmomonyoko yachimbwe. Wanaume wengi walikuwa mbali wakitafuta kazi, wengine Nairobi, wengine Mombasa, kwa hivyo walioshika majembe hasa ni wanawake. Uhuru ulipofika, akina mama hao walishajua kupanga zamu, kugawana kazi na kumsema hadharani anayetega.

Na kazi ilikuwepo. Mwaka wa 1963 Kenya nzima ilikuwa na sekondari 151, zenye wanafunzi takriban 30,000. Mtoto angeweza kupita mtihani wa msingi vizuri na bado abaki nyumbani kuchunga mbuzi. Wazazi hawakungoja. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, sekondari za harambee zilikuwa zimezidi zile za serikali kwa idadi.

Kwao Susu ujenzi ulianza 1970. Wanaume walipasua mawe na kujenga ukuta. Wanawake walibeba: mawe, mchanga wa mtoni, maji. Hela za mabati zilichangwa kwenye mikutano, kuku na mbuzi wakipigwa mnada, na kuku mmoja angeweza kununuliwa mara tatu kwa sababu kila mnunuzi alimrudisha auzwe tena. Tusidanganyane lakini, "kujitolea" wakati mwingine lilikuwa neno la heshima tu. Usipochanga, kuna mahali watu wa chifu walikuja kukuchukulia kuku mwenyewe.

Ila Susu hakulazimishwa, na kazi ile ilimbadilisha. Hakujua kusoma, lakini aliingia kwenye kamati ya shule, akaweka kidole gumba pale wengine walipotia sahihi. Alihesabu mabati yakishushwa kwenye lori. Siku moja alimsimamisha mwalimu mkuu katikati ya mkutano amweleze saruji ilienda wapi. Mwanamke ambaye nyumbani hakuulizwa hata ng'ombe akiuzwa!

Shule ikafunguliwa. Ilikuwa na karo pia, kwa sababu mwenye kubeba mawe hakusamehewa ada. Wajomba zangu wawili walisoma pale. Mama hakusoma. Alikuwa kifungua mimba, miaka kumi, na mtu alihitajika kubaki na wadogo siku za mwethya. Siku moja ikawa tatu kwa wiki, akaachia darasa la nne. Boma nyingi zilikuwa hivyo: shule ya kijiji ilijengwa na mama zao, na pia na wasichana waliobaki na watoto ili mama zao waweze kwenda. Hao hawakuandikwa kwenye daftari la michango.

Wajomba walilipishwa deni hilo maisha yao yote. Susu akitaka tangi la maji, au kulipiwa hospitali, alianza hivi: "Mgongo huu ndio uliokusomesha." Nao walitoa. Mama hakuwahi kuambiwa maneno hayo, na kwa muda mrefu nilidhani amebahatika.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, wazazi waliitwa tena, safari hii kujenga karakana na darasa la nane. Mama alikuwa na umri wa miaka 25. Alienda kila siku ya zamu, mtungi wa maji kichwani, dada yangu mkubwa mgongoni. Wenzake walimshangaa. Kulikuwa na kabinti ka jirani ambako kangeweza kumshika mtoto kwa kipande cha mkate tu. Mama akakataa. Kabinti kaende shule.

Desemba iliyopita nilimuuliza Susu swali lile la mama, neno kwa neno. Alitazama nje kwa muda.

"Ni mamako," akasema. "Na hakuwahi kumwangusha hata mmoja."

Nilimpigia mama jioni hiyo nikamweleza. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika, kisha akaniuliza kama nimekula.