Wanyiha Katika Kalamu za Misheni

Msomaji wa visiwani akilisikia neno Mpemba humfikiria mtu, tena mtu wa karafuu na bahari. Iko Mpemba nyingine isiyojua chumvi ya maji wala tanga. Ni mji mdogo wa barabarani katika nyanda za juu za kusini, kabla kidogo ya Tunduma kwa msafiri atokaye Mbeya, ndani ya Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016. Mbele yake uko mpaka wa Zambia na foleni ya malori. Kushoto inachepuka barabara ya Isongole, kiasi cha kilomita 50, iendayo Ileje na mpaka wa Malawi. Nyuma, upande wa Mbozi, ndiko nchi ya Wanyiha, ambao ndio watakaozungumzwa hapa.

Huko Mbozi, mahali paitwapo Ndolezi, kimelala Kimondo, pande la chuma lililoanguka kutoka mbinguni, uzito wake ukikadiriwa kuwa baina ya tani 12 na 16. Vitabu husema kuwa kiligunduliwa mwaka 1930 na mpimaji ardhi aliyeitwa W. H. Nott. Wenyeji walikuwa wakikijua na kukichelea kabla Nott hajazaliwa, lakini kitenzi "kugunduliwa" hakikuwangoja. Jambo hili ni dogo, na pengine limekwisha kuchosha kwa kurudiwa, ila ni kielelezo kizuri cha namna nchi nzima ilivyoingia vitabuni: ilianza kuhesabiwa kuwa ipo siku ilipoonwa na mwenye daftari.

Mwenye daftari wa kwanza kukaa muda mrefu Unyiha alikuwa mmishonari wa Kimoravian, Traugott Bachmann, aliyefika Mbozi mwaka 1899 na kukaa hadi vita vya Waingereza na Wajerumani vilipomwondoa mwaka 1916. Wamoravian walikuwa wameingia kusini magharibi mwa Tanganyika mwaka 1891 na kujenga makao yao Rungwe. Kanisa lao ni kongwe kuliko la Luther, kwani mizizi yake imo Bohemia ya karne ya 15, miongoni mwa wafuasi wa Jan Hus. Likaandamwa, likatawanyika, kisha katika karne ya 18 likahuishwa Herrnhut, katika nchi ya Wajerumani. Watu waliopata kuandamwa kwa ajili ya imani huwa hodari wa kuandika. Wamoravian walikuwa na ada ambayo bila ya kuielewa haiwezekani kuelewa lililowapata Wanyiha katika kalamu zao: kila muumini alitarajiwa kuandika wasifu wa maisha yake, nao husomwa mbele ya ndugu siku ya kuzikwa kwake. Wasifu huo una njia yake iliyokwisha kulimwa. Mtu huzaliwa, hupotea, hutaabika, huguswa na neema, hufa kwa amani.

Barua na taarifa zilizotoka Mbozi kwenda Ulaya zilifuata njia hiyo hiyo, ila mtu mmoja alibadilishwa akawa kabila. Unyiha wa taarifa hizo ni nchi ya hofu na ya vijiji vilivyojificha nyuma ya maboma, watu wakikimbia huku na huko hadi misheni ilipopanda bendera ya amani. Si uongo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 nchi baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ilisumbuliwa na mashambulizi ya Wasangu wa Merere, ya Wabemba na ya Wangoni, na biashara ya watumwa ilifika kila bonde. Kasoro imo katika kipimo. Mchangiaji wa Herrnhut, ambaye sarafu yake ndiyo iliyonunua misumari ya kanisa, alihitaji giza ili aione taa, na mwandishi alijua hivyo.

Ulimwengu mwingine wa Wanyiha ulingoja hadi mwaka 1968, Beverly Brock alipoandika sura juu yao katika kitabu *Tanzania before 1900* kilichohaririwa na Andrew Roberts. Humo Wanyiha ni wahunzi. Wanayeyusha chuma na kufua majembe, wanauziana na jirani zao, na wana watawala wengi wadogo badala ya mfalme mmoja. Msomaji aliyezoea maandishi ya misheni hushituka kuona watu wale wale wakiwa na kazi.

Hata hivyo si haki kumwacha Bachmann katika kundi la wapigaji tarumbeta. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1957, baada ya kufa kwake, kwa jina la Kijerumani *Ich gab manchen Anstoß*, na jina hilo ni mtihani kwa mfasiri. *Anstoß* ni kwazo, lile la Biblia, jiwe lijikwaalo mguuni. Lakini pia ni msukumo, lile dukuo la kwanza linalolifanya gurudumu lizunguke. Kwa hiyo mzee huyu anasema kwa pumzi moja kuwa amewakwaza wengi na amewasukuma wengi, na Kiswahili, pamoja na utajiri wake wote, kinamlazimisha mfasiri kuchagua. Waliokwazwa hawakuwa Wanyiha tu. Bachmann aliwasili Afrika akiwa mkali, akidhani kazi yake ni kung'oa; miaka ya Mbozi ikamgeuza. Alianza kuuliza ni kwa amri ipi mila ya watu iitwe dhambi, akapendelea nyimbo za ibada zipate mahadhi ya Kinyiha badala ya yale ya Kijerumani, na Agano Jipya likatoka kwa Kinyiha mwaka 1913. Klaus Fiedler, katika kitabu chake cha mwaka 1996 juu ya wamishonari wa Kijerumani na utamaduni wa Kiafrika, amempa nafasi ya heshima karibu na Bruno Gutmann wa Uchagga.

Heshima hiyo inastahili, lakini ina mtego wake. Katika hadithi ya Bachmann aliyebadilika, anayebadilika ni Bachmann. Wanyiha ni shule aliyosomea. Hao waliomfundisha lugha, waliomsahihisha vitenzi, waliomcheka akikosea na kumweleza kwa nini jambo fulani halisemwi mbele ya mkwe, hubaki kundi lisilo na sura. Kitabu cha majuto kinaweza kuwa kitabu cha mtu mmoja sawasawa na kitabu cha majivuno.

Penye utajiri mkubwa zaidi ni mahali ambapo misheni yenyewe haikutarajia. Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmishonari aliyefanya kazi Utengule katika Usafwa, na mwandishi wa vitabu vikubwa juu ya Wasafwa, alikusanya masimulizi ya maisha ya watu waliopita katika utumwa wakaishia kwenye hifadhi ya misheni. Miongoni mwao ni bibi aitwaye Narwimba na mwanamke mwingine aliyeandikwa kwa jina la Chisi. Masimulizi yakatoka kwa Kijerumani; kisha mwanahistoria Marcia Wright akayaleta katika Kiingereza na kuyachambua, kwanza katika *Women in Peril* ya mwaka 1984, kisha katika *Strategies of Slaves and Women* ya mwaka 1993.

Ukiyatazama kwa nje, ni wasifu wa Kimoravian uliotimia: kupotea, kutaabika, kupata pumziko. Ndani yake hali ni nyingine. Narwimba amefiwa na mume, mtu mkubwa katika nchi yake, naye anamwendea mpwa aliyerithi nafasi ya marehemu na kumsihi amwoe ili apate kinga. Hakuna neema iliyoshuka hapo, wala giza la kipagani. Pana mwanamke anayeijua hesabu ya nchi yake: asiye na wa kumkinga anaweza kutwaliwa, kuwekwa rehani, au kutolewa kuwa fidia ya kosa la mtu mwingine. Basi anajadiliana. Maisha yake yote ni majadiliano ya namna hiyo, na hapo ndipo hoja ya Wright inapochoma. Misheni nayo, machoni pa mwanamke kama huyu, ilikuwa mkingaji mmoja zaidi katika mlolongo wa wakingaji. Alikimbilia bendera kama alivyokimbilia nyumba ya mpwa. Aliyeandika alisikia ushuhuda wa wokovu, ilhali katika maneno yale yale yamo maelezo ya mtu aliyejiokoa kwa akili yake mara nyingi kabla ya kumwona mzungu. Si hakika kama Kootz-Kretschmer mwenyewe hakuliona hilo. Aliyaandika majadiliano yote, na hakuyafupisha ili njia ya neema inyooke.

Kwa wasomaji wa visiwani masimulizi haya yana uchungu wa pekee, kwani pwani imo ndani yake. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilipita nchi hiyo, na kaskazini mwa Ziwa Nyasa Mlozi alijijengea ngome karibu na Karonga, akapigana na Waingereza hadi alipotiwa kitanzi mwaka 1895. Maktaba ya Kiswahili ina fahari ya *Maisha* ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyeyaandika mwenyewe kwa Kiswahili na yakachapwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa juhudi ya Heinrich Brode. Ni nathari safi, yenye haraka na mzaha, na husomeshwa kwa haki. Lakini Tippu Tip na Narwimba ni watu wa zama moja. Mmoja alishika kalamu akahesabu frasila za pembe. Mwingine alisimulia, akaandikwa na mgeni, akafasiriwa, akafasiriwa tena. Atakayeviweka vitabu hivi viwili juu ya meza moja atakuwa na historia ya biashara ile kutoka kwa mnunuzi na kutoka kwa bidhaa.

Ugomvi juu ya nani ana haki ya kuichora jumuiya hauko Mbozi peke yake. Jamaa wa karibu wa Wamoravian kwa historia ya mateso ni Wamennonite, wanaotunza kitabu kikubwa cha mashahidi wao tangu mwaka 1660. Huko Kanada, Rudy Wiebe alipotoa riwaya yake *Peace Shall Destroy Many* mwaka 1962, akiwachora Wamennonite wenzake wenye kuhubiri amani na kuficha ukali, kelele zilikuwa kubwa kiasi cha kumtoa katika uhariri wa gazeti la kanisa lake. Hakuna mgeni aliyewasingizia. Aliyewatia hasira ni mtoto wa nyumbani.

Wamennonite wa Tanzania ni watu wa Mara. Wamishonari kutoka Marekani, Elam Stauffer na wenzake, walianza kazi Shirati mwaka 1934. Mwaka 1967 Zedekia Kisare akawekwa kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo. Maisha yake yalitoka kitabuni mwaka 1984, lakini kwa kumsimulia Joseph C. Shenk, mwana wa wamishonari, na kitabu kikachapishwa Marekani kwa Kiingereza. Hata askofu, basi, alipita njia ya Narwimba, ingawa kwa gari zuri zaidi. Wamennonite wenyewe waliuona upungufu huo. Baada ya mkutano wao wa dunia uliofanyika Calcutta mwaka 1997 wakaamua historia ya kila bara iandikwe na watu wa bara hilo, na juzuu ya Afrika ikatoka mwaka 2003. Mwaka huo huo Jan Bender Shetler, mwalimu wa Goshen College, chuo cha Wamennonite huko Indiana, alichapisha *Telling Our Own Stories*, mkusanyo wa historia zilizoandikwa na wazee wa Mara kusini. Wazee hao hawakuandika juu ya kanisa. Waliandika juu ya Ikizu na majirani zake: koo, uhamaji, watemi, mvua. Walipopewa nafasi ya kujieleza, misheni ilikuwa ukurasa mmoja tu katika kitabu kirefu.

Wamoravian nao wamepata waandishi wao. Askofu Teofilo Kisanji aliandika kwa Kiswahili historia fupi ya kanisa la Tanganyika Magharibi, iliyotoka mwaka 1980, na Angetile Yesaya Musomba akaandika ya Jimbo la Kusini mwaka 2005, kwa Kiingereza. Ni kazi za lazima, zenye tarehe na majina ya wachungaji yaliyokuwa hatarini kusahauliwa. Lakini historia ya kanisa iandikwayo na mwenyeji bado ni historia ya kanisa. Mhunzi wa Unyiha na mjane anayejadiliana hawana kiti rasmi ndani yake.

Amebaki Chisi. Katika kitabu cha Wright ameandikwa kwa majina matatu yaliyofungwa kwa vistari: Chisi-Ndjurisiye-Sichyajunga. Mtumwa hupewa jina na kila mkono unaompokea, na vistari ni ufundi wa mchapaji, si wa mama aliyemzaa. Mfasiri atakayetaka kumleta katika Kiswahili atakwama pale pale penye kichwa cha sura, kabla ya sentensi ya kwanza, akiamua amwite kwa lipi.