Ulingo wa kuchezea kasuku

Kasuku wa kijivu, ambaye kumfuga hapa Kenya kwahitaji kibali cha KWS, ni ndege mwenye akili. Akishinda tunduni bila shughuli huanza kujinyonyoa manyoya. Na mnyororo mguuni, tunaouona kwenye baadhi ya baraza zetu, si ufugaji. Mtengenezee ulingo.

Tafuta tawi la mpera lenye panda kadhaa, nene kwa nyembamba. Kijiti laini cha unene mmoja humtia vidonda vya nyayo. Liache na gome lake, atalitafuna mwenyewe. Lioshe, likauke juani, kisha lisimamishe kwenye ndoo kuukuu uijaze zege. Chini weka sinia pana la kupokea kinyesi. Mbao zenye dawa ya mchwa na waya uliopakwa zinki usithubutu: kila kitu hukitia mdomoni, na zinki ni sumu kwake. Ning'iniza kumbi la nazi kwa kamba ya makumbi, nyuzi zilizolegea uzikate zisimnase kucha.

Ulingo ukae mbali na feni, na mbali zaidi na jikoni. Kikaango kisichogandisha chakula kikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke unaoua ndege kwa dakika chache.