Mbuguma wa Kuondolewa

Tarehe 20 Mei 2003 Kanada ilitangaza kwamba ng'ombe mmoja wa jimbo la Alberta amekutwa na kichaa cha ng'ombe. Siku hiyohiyo Marekani ikafunga mpaka, ng'ombe hai wasivuke wala nyama isivuke. Walionaswa muda mrefu kuliko wote ni mbuguma ambao wafugaji wa huko huwaita kwa Kiingereza cull cows, na sisi hatujawapa jina lililotulia.

Kwenye ranchi za Alberta na Saskatchewan, ndama huachishwa kunyonya kuelekea Novemba, na mama zao hupimwa mimba. Asiyeshika mimba, mwenye kiwele kibovu, mwenye kwato mbaya au aliyekwisha meno hutengwa, kwani majira ya baridi ni marefu na mbuguma mmoja hula kilo zaidi ya 10 za nyasi kavu kwa siku. Kwenye makundi ya nyama hutengwa takriban mmoja katika kila kumi kwa mwaka. Kwenye ya maziwa huwa zaidi. Wengi wana afya nzuri. Nyama yao husagwa, na fedha zao ni sehemu ya pato ambalo mfugaji amelipigia hesabu tangu mwanzo wa mwaka.

Wapo wanaomwita mbuguma huyu "ng'ombe wa kuchinjwa". Jina hilo linamchanganya na maksai aliyenoneshwa tangu ujana kwa ajili ya bucha. "Ng'ombe tasa" linamsingizia, maana huenda amezaa ndama wanane na mwaka huu tu hakushika. "Mkongwe" linataja umri peke yake. Maofisa ugani husema "kuondoa kundini", na hapo ndipo pa kuanzia. Lakini tuseme "aliyeondolewa" au "wa kuondolewa"? Naona jibu limo katika yaliyowapata wafugaji wa Kanada.

Kabla ya 2003, kumchagua mbuguma na kumuuza vilifuatana kwa siku chache. Wengi walivushwa wakachinjwe Marekani, hivyo Kanada yenyewe haikuwa na machinjio ya kutosha kwa ng'ombe wazee. Mpaka ulipofungwa, mfugaji aliendelea kuchagua ila hakuwa na pa kumpeleka. Bei ilianguka hata mnada ukawa hauna maana. Wengine waliwarudisha kwa fahali wazae tena, wengine wakachinja na kuwauzia majirani, wengine wakawalisha tu, katika nchi iliyokuwa imetoka kwenye ukame mkali wa 2001 na 2002. Mnyama alikuwa amekwisha kuhukumiwa, na bado yumo zizini anakula. "Aliyeondolewa" lingekuwa uongo juu yake. "Wa kuondolewa" lamtosha, kwani linabeba uamuzi bila kudai kwamba umetekelezwa.

Umri ndio uliomfunga. Viini vya ugonjwa huu hukusanyika zaidi kwenye ubongo na uti wa mgongo wa ng'ombe mkubwa, kwa hiyo sheria zilichora mstari kwenye miezi 30, na machinjioni umri ulisomwa kwa meno. Nyama isiyo na mifupa ya ng'ombe walio chini ya mstari huo ilianza kuvuka tena mwaka 2003, na wanyama hai wa umri huo wakavuka Julai 2005. Mbuguma walisubiri hadi Novemba 2007, na hata hapo walikubaliwa waliozaliwa kuanzia Machi 1999 tu. Miaka minne na zaidi! Mfugaji wetu anayeijua karantini ya mnada kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo ataelewa uzito wake, ingawa yeye huifahamu kwa wiki au miezi.

Hivyo napendekeza "mbuguma wa kuondolewa". "Ng'ombe" ni jina la wote, dume na jike, na Kiswahili kina neno kamili la jike aliyekwisha kuzaa, tulitumie. Akiwa dume tuseme "fahali wa kuondolewa". Tendo lenyewe ni "uondoaji", na sehemu ya kundi inayotoka kila mwaka ni "kiwango cha uondoaji". Wale waliokwama nyuma ya mpaka waitwe "mbuguma wa kuondolewa waliozidi", na mwandishi ataje sheria iliyowazidisha, maana zizi lenyewe halikuwa limekosea hesabu.