Majengo ya Kampala: Kuyatembelea na Kuyajadili

Mgeni aingiaye Kampala kwa mara ya kwanza aghalabu huambiwa kwamba mji huu umejengwa juu ya vilima saba. Siku hizi vilima vimepita saba, kwa kuwa mji umekwisha kuvimeza vijiji vilivyouzunguka. Hata hivyo, atakaye kuusoma mji kwa macho yake hana budi kuanza na vilima, kwa sababu kila dola na kila dini iliyofika hapa ilijitafutia kilima chake, ikajenga juu yake, ikawatazama majirani kutoka huko juu. Waprotestanti walishika Namirembe, Wakatoliki wakashika Rubaga, Kabaka akakaa Mengo. Waingereza walipiga kambi juu ya kilima cha swala, Kasozi k'Empala kwa Kiganda, na jina la kilima hicho hatimaye likawa jina la mji mzima. Waislamu nao wakapata Kibuli, lakini baada ya kungoja muda mrefu, kama itakavyoelezwa.

Desturi ya kuwatembeza watu katika majengo ya kale imekwisha kupata nguvu katika mji huu. Shirika liitwalo Cross-Cultural Foundation of Uganda, lililoanzishwa mwaka 2006, limetoa ramani na kitabu cha picha za majengo ya kihistoria ili raia na wageni wajue wapitapo. Katika msikiti wa Old Kampala wamo viongozi wa wageni wafanyao kazi hiyo kila siku. Kiongozi aliye hodari hatosheki kutaja mwaka jengo lilipomalizika. Hueleza mjenzi alipata wapi kiwanja, fedha zilitoka kwa nani, mlango umeelekezwa wapi, na kabla ya jengo hilo palikuwa na nini mahali pale. Swali hili la mwisho ndilo liletalo mabishano, nayo mabishano ndiyo yanayozidisha faida ya matembezi.

Wala mabishano juu ya majengo si jambo geni katika Buganda. Dini ya Kiislamu ilifika katika baraza ya Kabaka Suna mwaka 1844 kwa mkono wa mfanya biashara Ahmed bin Ibrahim. Mwanawe Suna, Kabaka Mutesa wa Kwanza, aliipenda elimu hiyo mpya, akajifunza kusoma, akaanza kufunga Ramadhani mwaka 1867, na akaamuru msikiti ujengwe katika kasri yake. Baadaye, karibu na mwaka 1876, walifika wageni Waislamu kutoka upande wa Misri na Sudan. Wageni hao waliwaambia vijana wa kasri kwamba msikiti wa mfalme haukuelekea kibla sawasawa, na kwamba mfalme asiyetahiriwa hafai kuwasalisha watu. Vijana wakashika neno lao, wakakataa kusali nyuma ya Kabaka, wakakataa na nyama iliyochinjwa na watu wake. Mutesa akaona utii wake unavunjwa, akaamuru wauawe. Makumi ya vijana waliangamia, wengi wao kwa moto huko Namugongo, miaka kumi kabla ya Wakristo kuuawa mahali palepale.

Basi swali la ukuta mmoja kuelekea huku au kule liligharimu roho za watu. Mtembezi ajuaye habari hiyo hawezi tena kuutazama mhirabu wa msikiti wo wote wa Kampala kama pambo tu. Kwa mtu wa Mombasa kibla i karibu na kaskazini kamili, lakini Kampala iko magharibi zaidi, na kwa hiyo mwelekeo wake ni kaskazini uliopinda kidogo upande wa mashariki. Barabara za mji hazikupimwa kwa kufuata hesabu hiyo. Ndiyo sababu misikiti mingi ya mjini huonekana kama imekaa mshazari katika viwanja vyake, na katika mingine safu za wasalio hazilingani na kuta. Fundi aliyejenga hivyo hakukosa kipimo; alikuwa na kipimo chake.

Mutesa huyohuyo amezikwa Kasubi, katika nyumba aliyoijenga kuwa kasri mwaka 1882, iliyogeuzwa kuwa kaburi alipofariki mwaka 1884. Yeye ndiye Kabaka wa kwanza kuzikwa mwili wake ukiwa mzima, kwa maana kabla yake taya la mfalme lilitengwa na kuhifadhiwa mbali. Wengi waona katika jambo hilo athari ya yale aliyojifunza kwa Waislamu. Nyumba hiyo, Muzibu Azaala Mpanga, ilikuwa ya mviringo, yenye upana wa mita 31, imejengwa kwa miti, matete na nyasi, na ndani ya paa mlikuwa na pete 52 za matete kwa hesabu ya koo za Baganda. Mwaka 2001 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 ikateketea kwa moto.

Palitokea mjadala mrefu. Wengine walisema ijengwe kwa vitu visivyoungua, wengine wakasema nyumba ya saruji haiwezi kuwa kaburi la Kabaka. Waliojua historia walikumbusha kwamba hata ile iliyoungua haikuwa ya miti mitupu, kwani katika matengenezo ya mwaka 1938 ilitiwa nguzo za zege. Mwishowe nyasi na matete vikarudi, vikafumwa na mafundi wa koo zenye haki ya kazi hiyo, na vifaa vya kuzimia moto vikaongezwa. Mwezi wa Septemba 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hapa yafaa kusemwa kwamba Baganda waliona jambo ambalo wapenzi wa mawe huliona kwa shida: katika nyumba ya nyasi kinachodumu ni ufundi wa mikono, maana nyasi zenyewe hubadilishwa kila mara.

Lakini mahali ambapo mtembezi Mwislamu hana budi kusimama kwa muda mrefu ni kilima cha Old Kampala. Kapteni Lugard alifika hapo mwezi wa Desemba 1890, akajenga boma. Mwaka uliofuata alileta kutoka upande wa Ziwa Albert askari wa Kisudani waliokuwa wa Emin Pasha, pamoja na mkubwa wao Selim Bey, na wake zao na watoto wao. Askari hao walikuwa Waislamu. Tarehe 24 Januari 1892, katika vita vya Mengo, bunduki ya Maxim ilipigwa kutoka kilimani hapo na kuwatawanya Baganda waliokuwa upande wa Kabaka Mwanga. Kwa hiyo adhana ilikuwa ikisikika juu ya kilima hiki katika siku zilezile ambazo bendera ya Kiingereza ilipandishwa. Habari hii haisemwi mara nyingi, labda kwa kuwa haimpendezi mtu wa upande wo wote.

Boma la kwanza lilifuatwa na jengo imara zaidi, na mwaka 1908 ndani yake ikaanzishwa Makumbusho ya Uganda. Wenyeji waliita nyumba hiyo Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya mapembe ya uganga, kwa sababu ya vitu vya ibada za kale vilivyokusanywa mle. Baadaye vitu hivyo vilihamishiwa Makerere, na mwaka 1954 vikapata nyumba yao wenyewe Kitante, iliyochorwa na Mjerumani Ernst May, yuleyule aliyepanga mitaa ya Frankfurt na kuandika mpango wa kuupanua mji wa Kampala katika miaka ya 1940.

Mwaka 1972, wakati wa utawala wa Idi Amin, lilianzishwa Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda, na Waislamu wakapewa kilima cha Old Kampala ili wajenge msikiti mkuu. Kazi ilianza, kisha ikasimama katika miaka hiyohiyo ya 1970, na kwa miaka mingi watu wa mji waliona mnara usiokwisha, uliopinda, ambao wengi waliufanyia mzaha. Kanali Gaddafi wa Libya aliahidi kuumaliza mwaka 2001. Msikiti ukamalizika mwaka 2006, ukafunguliwa rasmi na Gaddafi mwenyewe mwezi wa Machi 2008, na baada ya yeye kupinduliwa na kuuawa mwaka 2011, jina lake likaondolewa. Tangu 2013 waitwa Msikiti wa Taifa wa Uganda. Ndani yake na viwanjani husali maelfu kwa maelfu.

Ili msikiti huo upate nafasi, ngome ya kale iliondolewa, na mfano wake ukajengwa pembeni. Mgeni apandaye mnara, zaidi ya ngazi 300, huku wanawake wakiwa wameazimwa vazi refu na mtandio wa kichwa, huonyeshwa kutoka juu vilima vyote na barabara zote zilizotawanyika kutoka hapo. Akiinamisha macho huiona pia ile ngome mpya, nyeupe na safi.

Wako wasemao kwamba hapana hasara. Ngome, wasema, ilikuwa alama ya kutawaliwa. Kilima kilitwaliwa kwa bunduki, na ni haki kwamba sasa kina nyumba ya ibada ya wananchi. Aidha, mfano umejengwa, na atakaye kujifunza atajifunza. Wengine hujibu kwamba mfano hauwezi kutoa ushahidi. Ukuta wa kale una alama za mikono ya waliouchoma udongo, una matengenezo juu ya matengenezo, una kipimo cha chumba ambamo watu halisi walilala; mfano una rangi tu. Nao huongeza neno ambalo lingepasa kuwagusa Waislamu kuliko watu wengine wote: ngome ile ilikuwa pia kumbukumbu ya wale askari wa Kisudani, mababu wa Wanubi wa leo, ambao hawakuachiwa majengo mengine mengi ya kuwakumbuka. Hoja ya pili ndiyo yenye uzito. Msikiti ulistahili kilima. Lakini kilima kile ni kipana, na jengo likiisha kubomolewa haliwezi kuitwa tena katika baraza lijieleze.

Kibuli yatoa habari ya namna nyingine. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliwapa wamisionari, jamii zao tatu kwa pamoja, maili za mraba 92, na ukampa Nuhu Mbogo, nduguye Mutesa na kiongozi wa Waislamu, maili 24 kwa ajili yake na wafuasi wake. Katika saza 20 za Buganda, moja tu, Butambala, iliwekwa mikononi mwa Waislamu. Mtembezi asimamaye Namirembe mbele ya kanisa kuu la matofali lililomalizika mwaka 1919, kisha Rubaga mbele ya lile la mwaka 1925, akiuliza kwa nini msikiti mkubwa wa Kibuli ulichelewa hata 1951, sehemu kubwa ya jibu imo katika hesabu hiyo ya ardhi. Mbogo mwenyewe alikuwa amehamishwa kwa nguvu kupelekwa Unguja mwaka 1893, akarudi mwaka 1895. Mwanawe, Prince Badru Kakungulu, ndiye aliyeitoa ardhi ya Kibuli. Prince Aly Khan aliweka jiwe la msingi mwaka 1941, na miaka kumi ikapita kabla ya jengo kumalizika. Kuba lake jeupe laonekana kutoka sehemu nyingi za mji. Karibu nalo zimo shule na hospitali, na wazee wa Kibuli hupenda kuwaonyesha wageni shule kwanza, kwa kuwa tamaa ya elimu ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi katika shauri lote lile.

Chini ya vilima liko bonde la maduka. Hapo wafanya biashara wa Kihindi, Waislamu na Wahindu, walijenga nyumba za ghorofa moja au mbili zenye varanda mbele, na wengine waliandika majina yao na mwaka juu ya paji la nyumba. Walipofukuzwa mwaka 1972 nyumba zilipita katika mikono ya watu wengi, na nyingi zimekwisha kuangushwa ili pajengwe maduka ya ghorofa. Mwenye kiwanja asema kwamba historia haimlipii kodi, na neno lake si la kupuuzwa. Hata nyumba ya Makumbusho, iliyo mali ya umma, iliponea chupuchupu: mwaka 2011 palikuwa na shauri la kujenga mahali pake jumba la biashara la ghorofa 60, na vyama vya raia vikalipinga hadi mahakamani. Nyumba ya Ernst May ingali imesimama. Sheria ya mambo ya kale iliyokuwa ikitumika tangu 1967 ilipata mahali pake sheria mpya ya makumbusho na majengo ya kumbukumbu mwaka 2023.

Sheria hiyo, hata hivyo, haiwezi kulinda kitu ambacho hakuna aliyekiandika. Misikiti midogo ya mitaani, ya matofali na bati, iliyojengwa kwa michango ya shilingi mojamoja, huvunjwa kila inapopatikana fedha ya kujenga mikubwa zaidi, na mara nyingi hubomolewa pasipo hata picha moja kupigwa. Wazee wanaojua nani alitoa kiwanja na nani alipima kibla bado wapo katika baadhi ya mitaa, na viongozi wa matembezi wamekwisha kuanza kuwapelekea wageni nyumbani kwao.