Rimu ya Ishirini na Nane: Gurudumu Lililoibeba Muheza

Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896. Mwaka huohuo wa 1893, Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyonusurika safari na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62 tu. Reli na mkonge ndivyo vilivyoikuza Muheza. Treni ilipeleka katani bandarini, na mashamba yakavuta watu wa kazi za mshahara kutoka mbali. Lakini treni ina stesheni zake. Kutoka stesheni hadi kijijini, kutoka shambani hadi sokoni, mtu alitembea, na mzigo ulikaa kichwani. Punda na farasi hawakuwa na maisha marefu katika nchi ya ndorobo. Pengo hilo ndilo lililozibwa na baiskeli, na kazi yote ya baiskeli, mzigo na breki pamoja, huishia kwenye sehemu moja ambayo wanunuzi wengi huitazama mwisho: rimu.

Rimu ya chuma tunayoijua ilizaliwa Uingereza wakati uleule reli ilipokuwa inaikaribia Muheza. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, alitengeneza tairi la hewa. Kabla yake magurudumu yalivishwa mpira mgumu usio na upepo. Tairi la hewa lilihitaji kitanda cha kulishika lisichomoke, na katika miaka ya 1890 ikapatikana Birmingham rimu iliyopewa jina la Westwood. Ni ukanda wa chuma uliokunjwa duara, kingo zake mbili zikaviringishwa ndani mpaka kila ukingo ukawa kama bomba jembamba. Mabomba hayo mawili ndiyo siri ya uimara wake. Rimu hiyo hupokea mashimo ya barabara bila kupasuka, na ikipinda, aghalabu hunyooka tena.

Umbo hilo lilikwenda pamoja na breki zake. Ukivuta mkono wa breki kwenye usukani wa baiskeli ya zamani, vyuma vyembamba vinanyanyua kipande chenye umbo la kikuku cha kupandia farasi, na raba zake mbili zinaibana rimu kutokea upande wa ndani, ule unaotazamana na habu, kulia na kushoto kwa mstari wa spoki. Mabega ya Westwood yalitengenezwa yapokee raba hizo. Breki za waya za siku hizi hubana ubavu, na ubavu wa Westwood ni mviringo, hauna pa kubanwa. Jambo hili dogo limewapotezea watu fedha nyingi, na nitalirudia mbele.

Siku za Wajerumani baiskeli ilikuwa chombo cha wachache. Mfano mmoja uliingia katika historia ya vita. Usiku wa kuamkia Novemba 4, 1914, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani aliyekuwa ameleta askari wake kwa treni kutoka Moshi kwa njia hii ya Muheza, alishuka nje kidogo ya Tanga. Akapanda baiskeli na wenzake wawili, akaingia mjini kimyakimya kuona Waingereza wamejipanga wapi. Akaukuta mji mtupu. Kulipokucha alijua apange wapi askari wake, na siku hiyo jeshi kubwa lililotoka India likashindwa Tanga. Sisemi vita ilishindwa kwa baiskeli. Ila farasi angesikika, na mtu wa miguu angechelewa.

Baiskeli ilishuka kwa watu wa kawaida baadaye, chini ya Waingereza, kupitia maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi na mifuko ya wenye mshahara. Makarani, walimu, wahubiri, wenye mashamba madogo ya minazi, na hata manamba waliomaliza mikataba yao kwenye mkonge, wote waliitamani. Vita vya Korea vilipopandisha bei ya mkonge mwaka 1950 na 1951, fedha ilizunguka Tanga kuliko kawaida. Raleigh ya Nottingham ilijitangaza kama baiskeli ya chuma kitupu, na tangazo lake moja mashuhuri barani Afrika lilimwonyesha mwanamume akimkimbia simba juu ya Raleigh yake. Wanunuzi hawakuwa na shida ya simba. Walitaka chombo kitakachobeba gunia la mihogo, na hicho walikipata: fremu ndefu, keria nzito, magurudumu ya inchi 28 yenye tairi za moja na nusu, na rimu za Westwood.

Hesabu ya spoki katika baiskeli hizo inaonyesha jinsi mafundi wa kale walivyofikiri. Gurudumu la mbele lilikuwa na spoki 32, la nyuma 40. Jumla ni 72, sawa na kama yote mawili yangekuwa na 36. Waingereza waliziondoa nne mbele wakaziongeza nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko mwendeshaji anakokaa. Walikuwa wakimfikiria mtu mmoja aendaye kiwandani. Muheza iliongeza juu yake matenga mawili ya machungwa, na lile gurudumu la spoki 40 likastahimili.

Ulaya ya mashindano ilikuwa inakwenda njia nyingine. Waendeshaji wa mbio walitumia rimu za mti kwa miaka mingi, kwa wepesi wake. Mwaka 1934 Mfaransa Antonin Magne alishinda mbio za kuizunguka Ufaransa akiwa na rimu za alumini za kampuni ya Mavic, zilizopakwa rangi ya mti ili wapinzani wasigutuke. Alumini ina takriban theluthi moja ya uzito wa chuma kwa ujazo uleule, na kwenye mvua hushikwa na breki vizuri zaidi kuliko chuma kilichopigwa kromu. Tangu hapo mwenye kutafuta mwendo alichagua alumini, na mwenye kutafuta kubeba akabaki na chuma. Muheza ilibaki na chuma, na ninaamini ilikuwa sahihi.

Uhuru ulipofika, baiskeli ya Kiingereza ilikuwa tayari imepata ndugu. India ilitengeneza mfano uleule, China nayo ikauiga. Kisha ikaja TAZARA. Reli hiyo ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China, na sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa mauzo ya bidhaa za Kichina hapa nchini. Maduka ya umma yakajaa bidhaa hizo, baiskeli zikiwemo, na Phoenix ya Shanghai ikawa jina la nyumbani. Dar es Salaam nako kiwanda cha umma kikatoa baiskeli zilizoitwa Swala. Jina kwenye fremu lilibadilika, rimu haikubadilika: inchi 28, tairi moja na nusu, mabega ya kupokea breki za vyuma. Rimu ya Raleigh iliyopasuka Mkuzi ingeweza kubadilishwa kwa rimu ya Phoenix iliyookotwa Pongwe, bora matundu ya spoki yalingane. Katika historia nzima ya chombo hiki sioni bahati iliyowafaa wanakijiji kuliko hiyo.

Bahati hiyo ilijaribiwa upesi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka na Kenya ukafungwa kuanzia Februari mwaka huo hadi Novemba 1983. Kwa Tanga, yenye Horohoro mlangoni mwake, lilikuwa pigo zito. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula fedha za kigeni. Madukani pakakauka. Neno la kuchagua rimu lilikuwa halina maana tena, maana uliitengeneza uliyokuwa nayo. Ndiyo miaka fundi baiskeli alipokuwa mtu mkubwa. Magurudumu mawili mabovu yalizaa moja zima. Tairi lililochanika lilishonwa. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, vipuri vilianza kurudi, lakini ustadi wa miaka ile ya dhiki ulikuwa umekwishaingia mikononi.

Ustadi huo bado unaweza kuutazama. Fundi huigeuza baiskeli miguu juu, akalizungusha gurudumu, akaegemeza ukucha wa kidole gumba kwenye uma, karibu kabisa na rimu. Gurudumu likiwa na wimbi, ukucha huguswa upande mmoja na kuachwa upande mwingine. Anasimamisha, anapapasa spoki za pale, anaikaza ya kushoto robo mzunguko na kuilegeza ya kulia kiasi hichohicho, anazungusha tena. Kisha hugonga spoki moja baada ya nyingine akisikiliza. Inayotoa sauti nzito imelegea. Kazi hiyo haina haraka. Anayekaza spoki bila kulegeza ya upande wa pili huondoa wimbi huku akilivuta gurudumu kuwa yai.

Miaka ya karibuni imeleta mambo mawili. Baiskeli za mitumba kutoka Japani zimekuja na magurudumu ya inchi 26 au 27 na rimu za alumini, na katika nyingi ya baiskeli hizo breki ya nyuma imo habuni na haigusi rimu. Na bodaboda imechukua abiria, na sehemu kubwa ya mizigo pia. Machungwa mengi yaliyokuwa yakifika kwenye barabara kuu kwa baiskeli sasa yanafika kwa pikipiki, na vijana wanajifunza injini kuliko spoki.

Kwa hiyo anayetaka kufufua baiskeli ya babu yake leo anakutana na swali ambalo babu hakuwa nalo: rimu ipi? Aanze na breki. Ikiwa breki ni za vyuma, rimu iwe ya Westwood, au ile ya mchanganyiko iitwayo Westrick, yenye mabega ya ndani na ubavu bapa kwa pamoja. Kisha ahesabu matundu ya habu, maana habu ya 40 haikubali rimu ya 36. Halafu asome tairi. Ishirini na nane si ukubwa mmoja: 28 kwa moja na nusu huandikwa 635, na ile ya mbio ni 622. Tofauti ni milimita 13 za kipenyo, na tairi la moja halikai kwenye nyingine. Ya Kijapani ya 27 huandikwa 630, na milimita 5 pekee humdanganya mtu akalazimisha tairi mpaka likamkatikia waya.

Chuma au alumini? Anayekaa tambarare za Muheza na kubeba mzigo, achukue chuma. Anayeteremka mara kwa mara kutoka Amani, ambako mvua ni takriban milimita 2,000 kwa mwaka na mteremko hadi mjini ni karibu mita 700, ana sababu ya kweli ya kutaka alumini, kwani kromu iliyolowa haishiki raba. Lakini abadilishe na breki pia, au aache rimu kama ilivyo na ateremke akiikokota kwenye kona kali, kama wazee walivyofanya.

Ombi langu ni kwa wenye baiskeli hizo stoo. Wanunuzi wa chuma chakavu hupita wakizipima kwa kilo, na habu yenye matundu 40 ikishaenda kwenye mzani haina mbadala rahisi. Itoe nje, hesabu spoki, soma namba kwenye tairi, na uipeleke kwa fundi mzee angali na nguvu za kulisuka gurudumu la nyuma. Na umpeleke kijana akaketi karibu naye, ajifunze.